Mchezo wa mtu mmoja, kwa nini udai intaneti?

Na Mwandishi Wetu

MTU anayecheza mchezo wa kompyuta peke yake nyumbani, bila mshindani wala mwenzi, anaweza kuzuiwa kuendelea kwa sababu tu intaneti imekatika. Sharti hilo limezusha mvutano wa zaidi ya miaka 15 kati ya kampuni za michezo na wateja wake.

Chini ya utaratibu huo, mchezo huwasiliana kila mara na seva za kampuni ili kuthibitisha kuwa nakala ni halali. Seva isipojibu, mchezo husimama. Kampuni hutetea kuwa hiyo ni kinga dhidi ya wanaodurufu michezo na kuisambaza bure.

Mwaka 2010, Ubisoft ya Ufaransa iliweka sharti hilo katika toleo la kompyuta la Assassin's Creed II. Machi mwaka huo seva zake zilishambuliwa, na baadhi ya wateja waliolipa wakashindwa kucheza. Hapo ndipo penye hoja kuu ya wapinzani: nakala ya wizi iliyokwisha kuvunjwa kufuli haihitaji seva, hivyo anayeumia ni mnunuzi mwaminifu. Mwaka 2012 Ubisoft ilitangaza kuwa imeachana na sharti hilo.

Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity, mchezo wa kujenga miji wa kampuni ya Marekani ya EA. Seva zilizidiwa, wanunuzi wakapanga foleni kuingia katika miji yao wenyewe. Watengenezaji walisisitiza kuwa intaneti haikuwa kufuli bali sehemu ya mchezo wenyewe. Hata hivyo, Machi 2014 waliruhusu uchezwe bila intaneti.

Suala zito zaidi ni hatima ya mchezo seva zinapofungwa. Ubisoft ilizima seva za The Crew Machi 2024, zaidi ya miaka 9 baada ya kuutoa, na hata waliokuwa wakiucheza peke yao wakaupoteza. Kufikia Julai 2025, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wametia saini ombi la kuutaka Umoja wa Ulaya uzibane kampuni ziache michezo ikiwa inachezeka.

Jimbo la California nchini Marekani, tangu Januari 2025, huwataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kueleza bayana kuwa mteja ananunua leseni tu. Sheria hiyo inamwezesha mnunuzi kujua mapema kwamba anachopewa ni ruhusa. Haimhakikishii kuwa ruhusa hiyo itadumu.