Mark 20H: Mashine ya Miaka ya 1950 Inarudi Mashindanoni

Juu ya meza yangu ya kazi ipo mashine ya boti aina ya Mercury, modeli ya Mark 20H, iliyoundwa Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1950. Ina silinda mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na ujazo wake wote haufiki inchi za ujazo 20, yaani kama sentimita za ujazo 325. Ukijumlisha injini mbili za bodaboda unakaribia hapo. Haina gia ya kurudi nyuma wala ya kusimamia bure. Ukivuta kamba ikawaka, propela inazunguka palepale na boti inaondoka, uwe tayari au usiwe tayari.

Nimekulia Tanga, na ufundi nilijifunzia Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Kule mashine ni riziki: iwake alfajiri, ifike kwenye nyavu, irudi. Hapa Wisconsin ninakoishi sasa nimewakuta watu wanaozitunza mashine za babu zao ili kiangazi kikifika wakashindane nazo ziwani. Kazi hiyo nimeipenda, na baada ya kuifanya nina neno moja kwa yeyote anayetaka kuijua: mashine ya zamani ya mashindano haiongezewi nguvu. Nguvu iliyozaliwa nayo inatosha. Fundi kazi yake ni kuhakikisha hakuna chembe ya nguvu hiyo inayopotea njiani kati ya plagi na propela.

Sheria zenyewe zinakupeleka huko. American Power Boat Association, chama kinachosimamia mbio hizi, kilichoanzishwa 1903, huzigawa mashine kwa madaraja kulingana na ujazo wa silinda. Katika madaraja ya mashine za kiwandani, huruhusiwi kuchonga tundu likawa kubwa wala kubandika kifaa cha kujitungia. Mbio zikiisha, washindi hupimwa uzito pamoja na boti zao, na mashine zao zinaweza kufunguliwa mbele ya mkaguzi mwenye mikromita mkononi. Kwa hiyo watu wanashindana kwa usahihi. Yule ambaye mashine yake ipo karibu zaidi na vipimo vilivyokusudiwa na waliouchora mchoro ndiye anayetangulia.

Wisconsin ina haki ya kujivunia mambo haya. Hapa Milwaukee, mwaka 1909, Mnorwei aliyehamia Marekani, Ole Evinrude, alianza kuuza mashine za kupachika nyuma ya mtumbwi, na biashara ikashika. Miaka 30 baadaye, mwaka 1939, Carl Kiekhaefer alinunua kiwanda kilichokuwa taabani katika mji mdogo wa Cedarburg. Ndani alikuta mashine za boti ambazo kampuni ya Montgomery Ward ilikuwa imezikataa kwa ubovu. Akazifungua, akazirekebisha, akaziuza, na kutoka hapo ikazaliwa Mercury, ambayo leo makao yake yapo Fond du Lac, kando ya Ziwa Winnebago. Kiekhaefer aliamini kwamba mashine inayoshinda Jumapili inauzika Jumatatu. Mashine yake ya KG-7 iliandikwa nguvu farasi 10, nayo ilitoa zaidi ya hizo kwa mbali. Washindani wake walilijua hilo kila walipoiona inawapita. Jina la Evinrude halitoki tena kiwandani: waliokuwa wakizitengeneza waliacha mwaka 2020. Hivyo kila Evinrude kuukuu inayotupwa hapa haina mrithi.

Boti yenyewe huitwa haidropleni. Ni fupi, bapa, nyepesi, ya mbao, na mbele ina sponsoni mbili, moja kila upande, zilizoshuka kidogo kuliko tumbo la boti. Umbo hilo lilienea katika miaka ya 1930 kutoka karakana ya Ventnor kule New Jersey. Mwendo ukikolea, chombo kinagusa maji sehemu tatu tu: ncha za sponsoni mbili na propela nyuma. Katikati unapita upepo, nao unaibeba boti. Dereva hupiga magoti, kifua mbele, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kishikio cha mafuta. Kwa mashine hii ndogo anaweza kukaribia maili 60 kwa saa, kama kilomita 95, na uso wake upo karibu sana na maji.

Sasa tuifungue. Mtu akikuletea mashine iliyolala bandani miaka mingi, jambo la kwanza ni kutoivuta kamba. Najua hamu ilivyo. Kila mtu anataka kusikia kama inaongea. Lakini ndani yake kuna ringi zilizogandana na vumbi la kutu, na mvuto mmoja unatosha kuchora mstari kwenye ukuta wa silinda. Toa plagi, mimina mafuta laini, iache ilowe, kisha izungushe gurudumu lake zito kwa mkono, polepole, ukisikiliza.

Mashine nyingi hufunguliwa kichwa ukaiona pistoni. Mercury za enzi hizo hazina kichwa cha kufungua: bloku na kichwa ni chuma kimoja. Ukitaka kuiona pistoni lazima uipasue mashine katikati, utoe kranki na kila kilichoning'inia juu yake. Hapo ndipo mafundi wengi hurudi nyuma, na mimi ndipo ninapoanza kufurahi. Mkono wa pistoni unazungukia juu ya sindano za chuma nyembamba, zilizopangwa moja moja kuizunguka kranki. Ukifungua kifuniko cha mkono bila kutandika kitambaa cheupe chini, zitatawanyika, na ikikosekana moja tu usiifunge mashine hiyo. Wakati wa kurudisha, zinashikiliwa kwa grisi, na kila kifuniko kinarudi kwenye mkono wake na upande wake uleule. Havibadilishani.

Kranki naiweka juu ya vishikio viwili vya umbo la V na kuizungusha chini ya saa ya kupimia. Jicho haliwezi kuona kilichopinda kwa sehemu chache za mia za milimita, lakini katika mizunguko 6,000 kwa dakika beringi zinakiona. Ringi nazo nazipima nafasi kwenye ncha kabla hazijaingia, na kila moja lazima ikae kwenye pini yake ndogo, ili isizunguke ikanasa kwenye tundu la ukuta wa silinda.

Jambo ambalo ningemsisitizia kijana anayeanza ni uvujaji. Mashine ya mipigo miwili hupumua kwa tumbo. Mchanganyiko wa petroli na hewa huingia kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, kupitia vibati vyembamba vya chuma vinavyofunguka upande mmoja tu. Pistoni ikishuka inaubana, nao unapanda juu kuchomwa. Sili ya kranki ikichoka, au nyuso mbili za bloku zikikutana vibaya, hewa ya nje huingia bila petroli. Mashine itawaka vizuri, hata itakwenda kwa kasi ya kusisimua kwa muda mfupi, kisha pistoni itayeyuka. Ndiyo maana sili zote ninabadilisha hata zikionekana nzima, na vibati vile navitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kikiwa kimepasuka pembe au hakilali sawasawa, kinatoka.

Moto wa cheche unatoka kwenye magneto, chini ya gurudumu zito. Betri haihitajiki. Koili za zamani hupasuka ganda na unyevu ukaingia. Kondensa hufa kimyakimya. Sumaku nazo hudhoofika kwa miaka, na kuna mafundi hapa wenye vifaa vya kuzitia nguvu upya. Pointi nazisafisha na kuziachia nafasi ya karibu nusu milimita, zote mbili sawa kabisa, kwa sababu zikitofautiana silinda moja itachoma mapema kuliko mwenzake. Gurudumu lenyewe hukaa kwenye ncha ya kranki iliyochongwa mteremko. Mimi huvisugua pamoja kwa dawa ya kusagia valvu mpaka vishikane mwili mzima, kisha nafunga nati kwa spana ya kupimia nguvu. Gurudumu likiruka kwa kasi ile, mgongo wa dereva uko karibu mno.

Kabureta haina mengi. Safisha njia zake zote, na utazame boya lake. Maboya ya zamani ni ya koki iliyopakwa vanishi, na petroli ya Marekani ya siku hizi imechanganywa ethanoli, ambayo hulegeza vanishi hiyo. Boya linakunywa petroli, linazama, mashine inafurika. Lipake dawa mpya au ubadilishe.

Mafuta ya kulainisha yanataka maelezo, hasa kwa wenzangu wa nyumbani. Mashine za boti tulizozizoea huchanganywa sehemu 1 ya mafuta kwa 50 ya petroli. Ukiipa Mark 20H kipimo hicho umeiua. Mimi naipa 1 kwa 16, na moshi wake nauvumilia. Zamani madereva wengi walipenda mafuta ya mbarika, mmea unaojiotea kando ya njia zetu Afrika Mashariki. Mafuta yake hung'ang'ania chuma hata joto likipanda mno, na ndiyo sababu bado yanatumika kwenye mashine zinazochoma methanoli. Ubaya wake ni kuacha utando mgumu ndani, kwa hiyo anayeyatumia akubali kufungua mashine mara kwa mara.

Tukishuka chini, tunafika kwenye mguu wa mashindano unaoitwa Quicksilver. Ni mwembamba, umechongoka mbele, umeundwa upasue maji bila kuyatifua. Jozi ya gia ninayotumia ina meno sawa, hivyo propela inazunguka kwa kasi sawa na kranki. Mguu huu hauna pampu ya maji. Ni mwendo wa boti unaoyasukuma maji yapande kupoza silinda. Maana yake ni kwamba ukiijaribu mashine kwenye pipa, kama tunavyofanya Tanga, haipati maji ya kutosha. Mimi huifungia mpira wa maji, naiwasha kwa muda mfupi tu, kisha kazi nyingine inafanyika ziwani.

Propela ina mapanga mawili, na ikiwa kazini nusu yake ipo nje ya maji. Ndiyo inayorusha ule mkia mrefu mweupe nyuma ya boti. Hapa kuna kasi nyingi kuliko popote kwingine kwenye mashine. Panga mojawapo likiwa zito kidogo kuliko mwenzake, au ukingo wake umekunjwa na kipande cha mti, maili kadhaa zimekwenda. Mafundi wa propela wa hapa hufanya kazi kwa tupa na mizani, na nawaheshimu kama ninavyowaheshimu waunda majahazi.

Kisha unaipachika mashine kwenye tezi la boti, shafti ya propela ikiwa chini kidogo tu ya usawa wa tumbo. Ukipandisha kwa unene wa ubao mwembamba, boti inakuwa nyepesi na kuteleza. Ukizidisha, propela inashika hewa na mashine inapiga kelele bila kwenda. Pembe nayo ina athari. Ukiusukuma mguu nje, omo linainuka, upepo unaingia zaidi chini ya boti, na ukizidi boti inapinduka kinyumenyume. Dereva na fundi hupatana juu ya hayo kwa majaribio, badiliko moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko linaandikwa.

Mbio zinaanza kwa saa. Boti zote zinazunguka tayari zikiwa mwendoni, na saa kubwa ikifika sifuri ndipo zinaruhusiwa kukata mstari. Anayetangulia kabla ya hapo hahesabiwi. Baada ya hapo ni duara, kona zote kushoto.

Kabla boti haijashushwa majini nakagua vitu viwili kwa mkono wangu mwenyewe, na hapo simwachii mtu. Cha kwanza ni springi ya kishikio cha mafuta: dereva akikiachia, mashine lazima ishuke mara moja. Cha pili ni kamba ya kuzimia, inayofungwa kwa dereva. Akirushwa, kamba inachomoka na cheche inakatika, ili boti isiendelee kuzunguka yenyewe na kumrudia akiwa majini. Hapa hakuna anayeruhusiwa kushindana bila hiyo, hata bingwa.

Mashine mpya zinazouzwa nyumbani, Tanga, Unguja, Kigoma na Mwanza, nazo zinakuja na kamba hiyo, ya rangi nyekundu mara nyingi, na nimeiona mara nyingi ikining'inia bila kufungwa kwa mtu. Manahodha wenzangu, ifungeni mkononi au kwenye jaketi la kuokolea kabla hamjavuta kamba ya kuwashia. Na kama imepotea, nunueni nyingine kabla ya safari ijayo.