Manjano na Ugonjwa wa Prioni: Kabla Hujatoa Mchango wa Kapsuli

 

Juzi dada mmoja wa hapa Mansfield alinipigia simu. Kuna mzee wa jamaa zao kule Houston ambaye kwa muda wa wiki chache tu amesahau majina ya wajukuu, anayumba akitembea, na mikono inamshtuka yenyewe. Madaktari wanasema huenda ni ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, kwa kifupi CJD. Sasa kuna mtu amewaambia watoto wa mzee kwamba manjano yamethibitishwa kuutibu, na mchango unazungushwa wa kununua kapsuli za miezi sita. "Nitoe au nisitoe?" dada akauliza. Nikamwomba siku mbili nisome kwanza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. CJD hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya. Protini hiyo kila mmoja wetu anayo kwenye ubongo, na ikiwa katika umbo lake la kawaida haina neno. Ila moja ikikunjika vibaya, huigeuza na ya jirani, nayo huigeuza nyingine, mpaka ubongo unatoboka matundu kama sponji. Stanley Prusiner alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997 kwa kazi hiyo, baada ya miaka mingi ya kubishiwa. Ugonjwa huu humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka, mara nyingi bila sababu inayojulikana, na wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha. Ile aina inayotokana na kichaa cha ng'ombe ni nyingine. Hapa Marekani imeonekana kwa watu 4 tu, ambao wawili kati yao waliishi Texas, na wote wanaaminika kuipata wakiwa nje ya nchi hii. Kwa hiyo nyama choma yetu ya Jumamosi iacheni.

Na manjano je? Habari hiyo haikutungwa. Mwaka 2003 watafiti wa maabara ya serikali huko Hamilton, Montana, walichukua kurkumini, kile kitu kinachoyapa manjano rangi yake, wakaitia kwenye chembe hai zilizokuwa na prioni ndani ya vyombo vya maabara. Prioni mpya zikaacha kurundikana, tena kwa kiasi kidogo mno cha kurkumini. Mwaka huohuo watafiti wa maabara hiyo walipima dawa na vitu vya asili vipatavyo 2,000, na 17 vikafanya vizuri, vikiwemo vitu vya mimea vya jamii ya vile vinavyoipa chai ukali wake. Mwaka 2008 ikafuata taarifa ya namna hiyo kuhusu chai ya kijani.

Aliyewauzia wenzetu matumaini aliishia hapo. Utafiti uleule wa 2003 una sehemu ya pili: hamsta, wanyama jamii ya panya, waliambukizwa prioni na kulishwa kurkumini. Waliugua kama wale ambao hawakulishwa. Ukila manjano, sehemu ndogo sana ndiyo hufika kwenye damu, ini huivunja haraka, na ubongo nao una ukuta wake unaozuia vitu vingi vya kwenye damu visipite. Chombo cha maabara hakina tumbo, ini wala ukuta.

Hata dawa za hospitali zimekwama njiani namna hiyo. Quinacrine, dawa ya zamani ya malaria, ilifanya vizuri kwenye chembe hai mwaka 2001. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa Uingereza, na baadaye Marekani, haikurefusha maisha. Doxycycline, ambayo wengi wetu tumeimeza, ilishindwa pia katika majaribio ya Italia na Ufaransa yaliyotangazwa 2014. Siku hizi kuna dawa inayojaribiwa, hudungwa kwenye uti wa mgongo ili ubongo utengeneze protini ile kwa uchache. Majibu kamili bado. Daktari wa neva ndiye wa kuulizwa kama mgonjwa anafaa kuingia kwenye jaribio lolote, na ukiona "jaribio" linakudai dola elfu kadhaa, shtuka.

Mchuzi wenye manjano endeleeni nao. Kapsuli ni jambo jingine. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa 10 walioumia ini kwa vidonge vya manjano: 5 walilazwa na mmoja alifariki. Nakumbuka 2011 watu walivyofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Mia tano haikumfilisi mtu, lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali.

Nilimwambia dada atoe, ila si kwa kapsuli. Kwanza familia imuulize daktari kama yamechunguzwa magonjwa yanayofanana na CJD lakini yana tiba: kinga ya mwili kuushambulia ubongo, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo. Mzee wa watu asije akafa na ugonjwa unaotibika huku nyumba inanuka manjano. Kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo kiitwacho RT-QuIC, ambacho hukamata sehemu kubwa ya wagonjwa wa CJD. Sampuli huweza kupelekwa kwenye kituo cha taifa cha magonjwa ya prioni huko Cleveland, Ohio.

Pili, msimtenge. CJD hauambukizi kwa kumshika mgonjwa, kumlisha, kumwogesha wala kulala chumba kimoja naye. Ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee lifahamuni hilo pia. Hatari iko kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, hasa kwa madaktari wa upasuaji, kwa sababu kuchemsha vifaa kwa kawaida hakuziui prioni.

Tatu, pesa. Mgonjwa wa namna hii haachwi peke yake usiku, na watoto wake wana zamu. Mchango huo ulipe mtu wa kukaa naye, au petroli ya wale wanaoshuka kwa barabara ya 287 na I-45 kwenda kupokezana. Na kama mzee alitaka kuzikwa nyumbani, watoto waongee na kampuni ya mazishi mapema na kuitajia ugonjwa waziwazi, maana si kila kampuni hukubali kuandaa mwili wa mgonjwa wa CJD, na kutafuta nyingine msiba ukiwa umeshaingia ni mateso.