Kabla Namba ya Forodha Haijabadilika

Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alinifungulia daftari lake la uagizaji. Pembeni ya kila bidhaa alikuwa ameandika namba ya forodha, zote amezinakili kutoka kadhia za zamani. Simu za mkononi aliziweka chini ya 8517.12. Namba hiyo ilifutwa kwenye toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa: simu janja zilihamia 8517.13, na vitochi 8517.14.

Tarakimu sita za mwanzo zinatumika dunia nzima chini ya Shirika la Forodha Duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zake. Toleo la 2022 lilianza kutumika kwetu Julai 1 mwaka huo, na toleo lijalo limepangiwa kuanza kimataifa Januari 1, 2028. Miezi iliyobaki ni michache kuliko inavyoonekana.

Namba ikihama, kiwango cha ushuru nacho chaweza kuhama. Chukua mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 40. Ukitoka asilimia 10 kwenda 25, ushuru unapanda kutoka milioni 4 hadi milioni 10. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo inaongezeka 1,080,000. Kama bei ya dukani ulishaipanga, hiyo ndiyo faida yako imekwenda.

Kujiandaa, anza na bidhaa zinazokulipisha ushuru mkubwa zaidi. Kwa kila moja andika imetengenezwa kwa malighafi gani, inafanya kazi gani, inaingia ikiwa nzima au vipande. Ankara inayosema "spea" tu haimsaidii mtu. Mwambie muuzaji aandike pampu ya maji ya injini, na ya gari gani. Nasisitiza hili kwa sababu wakala wako hajawahi kuishika bidhaa hiyo, naye ndiye anayejaza kadhia.

Penye utata, omba uamuzi wa awali wa maandishi kutoka mamlaka ya mapato kabla mzigo haujapakiwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu, na wafanyabiashara wengi hawaitumii nafasi hiyo.

Kwa wanaouza nje, angalieni cheti cha uasili. Nchi ya mnunuzi inaweza kuhamia toleo jipya kabla yetu, au mkataba wa biashara ukabaki na namba za zamani. Muulizeni mnunuzi forodha yao inasoma toleo lipi, kabla cheti hakijagongwa muhuri.