Tengenenge: shamba la tumbaku lililoota sanamu

Ukinitajia maonyesho ya sanamu, kichwani inanijia nyumba yenye kiyoyozi, mlinzi mlangoni na kibao cha "Usiguse". Tengenenge haiko hivyo. Ni kijiji cha wachongaji karibu na Guruve, kaskazini mwa Zimbabwe. Sanamu zimesimama nje, juu ya udongo, katikati ya miti, zinapigwa jua na mvua.

Zamani palikuwa shamba la tumbaku la mlowezi Tom Blomefield. Mwaka 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, ikawekewa vikwazo, na soko la tumbaku likayumba. Bahati ni kwamba shamba liko kwenye Great Dyke, ukanda wa miamba wenye mawe ya serpentini. Crispen Chakanyuka, ambaye tayari alijua kuchonga, akamwonyesha kuwa jiwe hilo linafaa. Mwaka 1966 Blomefield akawaruhusu vibarua wake wachonge. Hakuna mtaala, hakuna mtihani wa kuingia; wewe na jiwe lako tu.

Kazi yenyewe inaendaje? Jiwe linapunguzwa kwa nyundo na tindo, linasawazishwa kwa tupa, halafu linasuguliwa kwa msasa na maji hadi liwe laini. Mwisho linapashwa moto na kupakwa nta. Hapo ndipo weusi au ukijani wake unapojitokeza. Sehemu isiyosuguliwa inabaki imepauka, na mchongaji anaweza kuiacha hivyo makusudi, iwe nywele au nguo.

Sasa, kuna kitu kinanikera. Kazi hizi zimezoeleka kuitwa "sanamu za Kishona". Lakini wachongaji wengi wa mwanzo pale walikuwa na asili ya Malawi, Msumbiji na Angola. Jina moja likawafunika wote kwa sababu linauzika. Na tusiwacheke, maana hata kwetu kinyago cha mpingo kilichochongwa na Mzaramo kinauzwa kama cha Kimakonde.

Bernard Matemera wa Tengenenge alichonga watu wanene wenye vidole vitatu. Ukishaiona kazi yake moja, ya pili utaitambua bila kibao. Huyo ni mtu, si kabila.

Kwa hiyo siku ukipita Mwenge na bumu limeingia, kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza: nani kachonga?