Nakuru: Mlima Kwanza, Soko Baadaye

Wengi wetu wa pwani tukifika Nakuru huelekea sokoni kwanza. Viazi, kabeji na karoti za huko humsahaulisha mama wa Mombasa kilichomleta. Nami nilikosea vivyo hivyo. Asubuhi yote niliimaliza sokoni, na ilipata saa tisa alasiri ndipo nilipopanda Menengai na binti yangu wa miaka tisa. Tulipokaribia ukingo, mvua ilishuka na njia ikawa utelezi, naye mtoto alikuwa akikimbia mbele yangu kuelekea genge lisilo na ua. Nilimwita kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Akasimama. Tangu siku hiyo, ratiba yangu ya Nakuru nimeipindua.

Mji huo, uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Menengai hufika mita 2,278. Aliyelala Likoni jana hana pumzi ya huko. Pumzika mjini usiku mmoja, kisha ondoka asubuhi mapema, kabla mawingu hayajakusanyika. Usiende peke yako. Nendeni kikundi, au mchukue mwongozaji anayeijua njia. Gari na bodaboda hufika hadi juu, kwa hiyo bibi asiyeweza kupanda kwa miguu hana haja ya kuachwa nyumbani. Watoto washikwe mikono kabla ukingo haujaonekana, si baada ya kuonekana.

Kuhusu mavazi, buibui refu ni stara mjini, lakini mawe ya volkano hunasa pindo. Baibui fupi kidogo juu ya suruali pana, viatu vya raba na sweta vinatosha. Leso nayo usiiache: ni shuka ya baridi, ni mkeka wa kulia, ni msala. Maji yatie katika chupa ya kudumu, kwani tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya.

Ukisimama kwenye ukingo wa kusini, bonde la volkano limelala mbele yako, na moshi mweupe unaouona ni mvuke unaotoka ardhini. Kibla cha Nakuru ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Basi ukitandika leso hapo kwa sala ya Dhuha, uso wako huelekea bonde lenyewe. Sijaona mahali pengine bara ambapo sijdah imenituliza hivyo. Tandika mbali na genge.

Baada ya Adhuhuri ndipo soko. Mkoba uwe mbele ya kifua, na pesa ndogo ziwe mbali na kubwa. Chukua kikapu au gunia lako, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017. Viazi chagua vikavu, vyenye udongo. Vilivyogeuka kijani viache, hata muuzaji akipunguza bei. Usivioshe kabla ya safari: joto la Mombasa huozesha viazi vyenye unyevu kabla ya wiki kwisha. Na gunia lipakiwe siku ya kuondoka, si siku ya kufika.