Kwa Nini Shamba la Miparachichi Lahitaji Aina Mbili

Katika sehemu nyingi za Kenya zenye mvua ya kutosha, kama vile Murang'a, Kisii na Meru, wako wanakijiji, walimu wa shule na vikundi vya akina mama ambao hutenga kipande cha ardhi wakapanda miparachichi kwa pamoja. Hiyo ni kazi njema. Lakini mparachichi si kama mhindi. Aliyechagua mbegu mbaya ya mahindi atasahihisha mwakani. Aliyechagua mche mbaya wa mparachichi hutambua baada ya miaka mingi, na hasara ni ya kikundi kizima. Kwa hiyo yafaa mambo mawili yafahamike kabla ya kuchimba mashimo.

Jambo la kwanza ni mbegu. Mtu hula parachichi tamu, akaifukia mbegu yake, akitumaini kupata tunda lile lile. Mbegu ya parachichi haimfuati mama yake. Huenda mti ukazaa matunda madogo au yenye nyuzi, tena baada ya kungojewa miaka saba au zaidi. Njia iliyo bora ni kubebesha: kijiti hukatwa katika mti mzuri, kikaunganishwa juu ya mche mchanga uliooteshwa kwa mbegu. Mizizi ni ya mche, lakini matunda huwa ya mti ule kilikotoka kijiti. Mti wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

Aina iitwayo Hass yatuonyesha jambo hili wazi. Rudolph Hass, aliyekuwa mpeleka barua huko California, Marekani, alipanda mbegu katika miaka ya 1920. Mti ulioota ulizaa vizuri kupita kiasi, naye akausajili mwaka 1935. Mti huo ulikufa mwaka 2002, lakini kila mti wa Hass wa kweli duniani asili yake ni vijiti vya mti ule mmoja.

Jambo la pili ni maua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, kisha hufunga, na siku ya pili hufunguka likiwa la kiume. Maua ya Hass huwa ya kike asubuhi, na ya kiume alasiri ya siku ifuatayo. Maua ya Fuerte ni kinyume chake: ya kike alasiri, ya kiume asubuhi. Basi asubuhi nyuki huchukua chavua ya Fuerte akaipeleka kwa Hass, na alasiri huichukua ya Hass akaipeleka kwa Fuerte. Hass peke yake huweza kuzaa, lakini aina hizi mbili zikikaa karibu huzaa zaidi. Hapo ndipo ulipo ubora wa shamba la pamoja, maana mwenye nafasi ya mti mmoja tu hawezi kupanda zote mbili. Kadhalika, mizinga michache ya nyuki kando ya shamba ni msaada mkubwa, na dawa za wadudu zisinyunyizwe wakati wa maua.

Kutofautisha matunda si vigumu. Fuerte lina shingo ndefu na ganda jembamba, laini, ambalo hubaki kijani hata likiiva. Hass ni la mviringo kama yai. Ganda lake ni nene na lenye vipele, nalo hugeuka jeusi liivapo. Kwa sababu ya ganda hilo Hass huvumilia safari ndefu.

Miche ipandwe mahali pasipotuama maji, kwani maji yakituama ugonjwa wa kuoza mizizi huingia. Tena matunda yasichumwe kabla hayajakomaa. Parachichi haliivi mtini, bali baada ya kuchumwa. Lakini lililochumwa changa hunywea tu, wala mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi tena.