Fahamu: Mjamzito akiwashwa viganja usiku, ini lipimwe
Mimba ina miezi saba, mama anajikuna viganja na nyayo usiku kucha, wala hana upele. Wengi huambiwa ngozi inavutika tu, wapake mafuta. Ushauri huo ni wa hatari.

Mwasho huo unaweza kuwa dalili ya tatizo la ini. Estrojeni na projesteroni, homoni zinazopanda sana miezi ya mwisho, zinaweza kuzuia nyongo isitoke vizuri kwenye ini. Asidi za nyongo zikajaa kwenye damu. Zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka, ndiyo maana daktari huweza kuanzisha uchungu mapema. Kipimo ni cha damu, kiombwe kliniki.

Mwasho kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Hata hivyo, mama amweleze mhudumu kuwa alipata tatizo hili kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.